Abiria wa Kiti cha Kushoto

Kiti cha kushoto kilikuwa kimelowa. Mvua haikuwa imeonekana Mwanza kwa wiki nyingi, gari lililala bandani chini ya bati jipya, na vioo vilikuwa vimefungwa mpaka juu. Lakini Gladness alipoketi asubuhi ile, maji yalipenya gauni lake la kanisani hadi mwilini. Yalikuwa ya baridi, na yalinuka tope la ziwa, lile la chini kabisa ambalo jua halilifikii.

"Baba Rose, kiti hiki kina maji," alisema.

"Jasho lako hilo," mumewe alijibu, akaongeza sauti ya muziki.

Ndivyo alivyokuwa Pius Nkwabi. Miaka michache nyuma alikuwa akibeba sangara kwa tenga pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, miguu mitupu. Vikaja viwanda vya minofu, Ulaya wakaipenda minofu yenyewe, na kila aliyeweza kuwahi mitumbwi asubuhi akageuka tajiri kabla hajajifunza kuwa tajiri. Wenzake walijenga nyumba. Pius alinunua gari jekundu la spoti kutoka Dubai, la milango miwili na viti viwili, lililokuwa chini kiasi cha kukwaruza tumbo kwenye kila jiwe la mtaa wao wa Pasiansi, na Pasiansi mawe hayahesabiki. Mtu mwenye mke, mtoto na mama mzazi alinunua gari la watu wawili. Mtoto alipakatwa. Mama mzazi alibaki kijijini akisikia kwa watu kwamba mwanawe ana gari.

Redio iliyokuja na gari ilikuwa nzima na ilisikika vizuri. Ubaya wake ni kwamba haikusikika mtaa wa pili, kwa hiyo kwa Pius haikuwa na faida. Aliagiza Dubai amplifaya, ekolaiza yenye taa za kijani za kupanda na kushuka, na spika mbili za besi zenye upana wa sufuria za msibani. Akampelekea Ndalahwa, fundi redio mwenye kibanda karibu na ziwa, kijana aliyejifunzia kazi kwenye redio kaseti za wanakwaya na ambaye hakuwahi kukiri kwamba kuna kitu hakijui.

Ndalahwa alitengeneza boksi la plaiwudi, akafunga spika, akaunganisha nyaya. Besi ilipopiga, boksi zima likatetemeka kama debe lenye misumari.

"Mbao nyepesi hii, bosi," alisema. "Besi inataka mbao nzito, iliyokauka, isiyocheza. Ukinipatia mvule wa zamani, hapo ndiyo utasikia mziki mnene."

"Mvule si ule pale?" Pius alisema, akionyesha ziwani kwa kidevu.

Alikuwa akiuonyesha mtumbwi wa Mayala. Ulilazwa kifudifudi juu ya mawe, tumbo juu, na majani yalikuwa yameota kuuzunguka. Mayala alikwenda ziwani mchana mmoja, peke yake. Upepo ukaurudisha mtumbwi, yeye haukumrudisha. Mkewe, Teodora, aliomba watu wamsaidie kuugeuza, akauacha hapo. Kwa ukoo wake, mtumbwi ambao mwenyewe hajapatikana hauingizwi majini, haupasuliwi kuni, hauuzwi. Unalazwa kifudifudi mpaka mwili uonekane. Mwalo mzima ulijua hivyo. Hata watoto waliocheza pale hawakuupanda. Pius naye alijua, maana alikulia palepale, na hilo ndilo linalomfanya mtu amdharau zaidi. Asiyejua tungemhurumia.

Teodora alikuwa Sengerema akimuuguza dada yake hospitalini. Pius akamtafuta Shimba, mdogo wake Mayala, ambaye kiu yake ilijulikana kotekote, akampa kreti la bia, akauchukua mtumbwi. Shimba hakuuliza hata mbao zinakwenda wapi.

Ndalahwa alipopasua mtumbwi alikuta katikati ya mbao pamba ya zamani, ile iliyochovywa mafuta kuziba nyufa. Mtumbwi ulikuwa juani muda wote huo, lakini pamba ilikuwa imelowa chepechepe. Aliiona, akaishika, akaikamua, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Kisha akaitupa na kuendelea kupiga randa, kwa sababu mteja alikuwa amesimama mlangoni. Alipomaliza alilifunika boksi kwa kapeti jeusi, akalibana nyuma ya viti viwili, akawasha. Vioo vya maduka ya jirani vilitikisika. Pius alicheka mpaka machozi, na kwa siku kadhaa hakukuwa na mgonjwa wala msiba katika Pasiansi ulioachwa usisikie redio yake.

Basi tangu hapo kiti cha kushoto kikawa hakikauki. Vimwana aliowapakia mjini walishuka na sketi zimeganda, wakaanza kumkwepa, na hilo lilimuuma kuliko malalamiko ya mkewe. Alikianika kiti juani, akabadilisha sponji, akabadilisha kitambaa. Kililowa. Kisha ikaja sauti. Kati ya wimbo mmoja na mwingine, pale kaseti inapovuta pumzi, spika zilitoa kitu kingine: chwaa, kimya kidogo, chwaa, kimya kidogo, kama mtu anayechota maji ndani ya mtumbwi kwa kata na kuyamwaga nje, bila haraka, mtu anayeijua kazi yake. Pius alimwita Ndalahwa, Ndalahwa akalaumu kaseti. Alibadilisha kaseti. Akang'oa waya wa betri kabisa, na sauti ikaendelea, chwaa, chwaa, chini kwa chini ndani ya boksi lisilo na umeme, na fundi akakusanya bisibisi zake na kusema ana msiba kwao.

Aliitwa mganga. Alikuja na mkoba wa ngozi na kiburi kingi, akasema ni jini la umeme, dogo tu, na kwamba ili kulipima lazima kwanza azungushwe mjini ndani ya gari. Akazungushwa. Aliwapungia watu mkono. Aliporudi alikuwa amelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, meno yanagongana, na alishuka bila kudai hata kuku.

"Kuna mtu amekaa kile kiti," alimnong'oneza Gladness pale getini. "Nimemkalia. Mama, nimemkalia mapajani."

Teodora aliporudi kutoka Sengerema alikuta mawe matupu. Hakwenda polisi, hakupiga kelele. Alikuja nyumbani kwa Pius mchana, kanga mbili, miguu ina vumbi, akakaa kwenye kigoda alichopewa na Gladness. Gladness akamwamkia shikamoo na kuinamisha kichwa kwa aibu. Pius alikuwa akifuta gari, hakuamkia.

"Mwanangu," Teodora alisema, kwa sauti ya chini kama anayeogopa kusikiwa na kitu kilichoko bandani, "nirudishie mbao zangu."

"Nilinunua, mama. Muulize shemeji yako."

"Sikuja kwa ugomvi. Nakueleza tu. Jini la ziwani likimchukua mtu halimuui likamwacha. Linampa kata, linamwambia achote ziwa alimalize, ndipo atakwenda kwake. Anachota. Haachi. Na huwa linatafuta chombo cha mtu huyo ili lipande, lije nchi kavu, lichague mwingine. Ndiyo maana tunakilaza kifudifudi, likose pa kukaa." Akatazama gari. "Wewe umekigeuza, mwanangu. Tena umekiwekea kiti."

Pius alicheka. "Mama, hii ni miaka ya soko huria. Mbao ni mbao. Nitakununulia doti ya kanga, uende zako."

"Mume wangu yumo kwenye lile boksi anachota maji, na wewe unanipa kanga."

"Mimi sikai na ushamba," Pius alisema, akaingia garini na kuwasha redio ili asimsikie.

Teodora alipoondoka Gladness alimfuata mumewe mpaka dirishani. Alikuwa akilia, na hakujificha.

"Mrudishie, Baba Rose. Ng'oa hilo boksi leo hii. Naogopa. Mimi sitaki kukuzika, wala sitaki mtoto wangu akae tena pale."

"Jumamosi tunakwenda Sengerema kwenye harusi ya binamu yangu," Pius alimjibu. "Muziki wa harusi ni hili gari. Nimeshawaahidi watu. Wewe na Rose mtakaa hapohapo kwenye kiti, na mtatabasamu."

Jumamosi walikaa. Gladness alitandika mfuko wa nailoni, akakunja blanketi juu yake, akampakata Rose, na kabla hawajafika Kigongo blanketi lilikuwa limelowa tepetepe na mtoto alikuwa akisema, "Mama, sogea, kuna mtu ananibana." Gladness hakuwa na pa kusogea.

Kivuko kilikuwa kinarudi kutoka Busisi, ng'ambo ya pili. Magari yalipanga foleni kwenye mteremko unaoshuka hadi majini, jua la saa sita kichwani, wauza samaki wa kukaanga wakipita madirishani. Ukafika wakati abiria wanatakiwa kushuka na kuingia kivukoni kwa miguu, madereva peke yao wabaki na magari. Gladness alishuka na Rose haraka kiasi cha kuacha kiatu. Pius alizima injini, akavuta breki ya mkono, akawasha redio mpaka mwisho ili kila mtu pale Kigongo, wakulima wa mihogo, walimu, masista, ajue nani amefika. Watu waligeuka. Ndicho alichokuwa anakitaka, na alikipata, kwa sababu waliogeuka ndio walioona.

Waliona vichwa viwili ndani ya gari.

Gladness alikuwa kando ya barabara, mtoto mkononi, na aliona nyuma ya kioo, kwenye kiti alichokiacha sasa hivi, kichwa cha mtu mwingine, kimelala kidogo upande kama cha msafiri aliyechoka. Muziki ukakatika, taa za kijani za ekolaiza zikabaki zinapanda na kushuka, na kutoka kwenye spika zile kubwa ikasikika, juu ya mwalo mzima, mchana kweupe, sauti ya maji yakichotwa na kumwagwa, chwaa, chwaa. Gari likaanza kwenda. Halikukimbia, lilitoka kwenye foleni na kushuka pembeni polepole, breki imevutwa, magurudumu hayazunguki, likiburuzika kwa mwendo wa mtumbwi unaosukumwa majini na watu wenye subira, na wanaume walioling'ang'ania bampa na kukaza miguu walivutwa nalo wote wakichimba mifereji kwenye changarawe, huku Pius akipiga kioo kwa viganja, kisha kwa ngumi, mdomo wazi, akimtazama mkewe, na yule wa kushoto hakugeuka hata mara moja, mpaka maji yakafika kwenye taa, yakafika kwenye vioo, wanaume wakaachia mmoja mmoja, na lile jekundu alilolinunua ili aonekane likaonekana mara ya mwisho na kuzama.

"Baba anakwenda wapi?" Rose aliuliza. Gladness alikaa chini kwenye changarawe.

Lilivutwa kesho yake kwa lori na waya wa chuma. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani, vioo viko juu. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Kwenye kiti cha kushoto palikuwa na mifupa ya mtu, imekaa wima, imevaa mabaki ya shati, na kwenye mfupa wa mkono bangili ya shaba. Teodora aliletwa kutoka Pasiansi. Aliishika ile bangili muda mrefu, akaifuta kwa kanga.

"Ndiye," alisema. "Ameachiwa."

Alimzika mumewe kwa heshima zote, na watu walikwenda wengi. Kabla ya kurudi kwake alimfuata Gladness, wakazungumza jikoni kwa kunong'ona, na jioni ile wanaume wa mtaa waliitwa kusaidia. Walilipindua gari, ambalo lori lilikuwa limelirudisha nyumbani. Tangu hapo likalala uani kwa Gladness kifudifudi, magurudumu juu, kuku wakitagia kwenye kivuli chake. Wapita njia walicheka. Gladness hakujali, alianza kuuza dagaa, akamsomesha Rose, na kila siku alimsubiri mtu ambaye watu wengi hawakuona sababu ya kumsubiri.

Ndalahwa naye alikuja, baada ya msiba kupoa. Mtu mwenye haya angepita mbali. Yeye alikuja na mkoba wa bisibisi.

"Shemeji, pole sana. Lakini nina mteja mwenye baa, anatafuta spika kama zile. Maji huwa hayaziui, nikizikausha vizuri. Mbao zenyewe bado nzima."

"Haziuzwi," Gladness alisema. Alikuwa akipepeta dagaa.

"Nitazame tu hali yake." Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya gari, akatega sikio kwenye boksi.

Ndani kulikuwa na sauti. Ilikuwa ni maji, lakini siyo chwaa ile ya zamani, ya polepole, ya mtu wa ziwani. Hii ilikwenda kwa papara: kata inagonga mbao, maji yanamwagikia humohumo ndani, mtu anahema, anaanza tena, anagonga tena, na katikati ya kuhema kuna kilio chembamba cha mtu mzima anayeomba asaidiwe.

Ndalahwa alitoka kinyumenyume, akakimbia hadi getini na kuuacha mkoba wake pale chini. Gladness alimtazama, akarudi kwenye ungo wake.

"Hajawahi kuchota maji huyo," alisema. "Mwache ajifunze."