Jiwe Namba Saba la Wamaza

Jiwe lililoibwa halikuwa na dhahabu hata chembe. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Mounira alipoingia katika depo ya mawe ya Nathanaël, mwanajiolojia wa Kasongo. Mlango haukuvunjwa. Sampuli za dhahabu za Salamabila zilikuwepo zote. Hata kwenye kisanduku namba saba kulikuwa na jiwe jeusi, limekaa kimya.

"Sasa kimeibwa nini?"

"Hili si lenyewe, hata namba halina. Mwizi amelibadilisha." Nathanaël akampa lenzi. "Unaona vijiti vyeupe?"

"Naviona."

"Hiyo ni feldispari. Jiwe hili ni dolerite, la kawaida tu. Letu lilitoka Wamaza: lamprofiri, mwamba adimu uliopanda na moto wa chini ya ardhi. Limejaa ulanga unaong'aa kama magamba ya samaki, na feldispari huioni kwa macho. Jiwe hupewa jina kwa madini yaliyomo, mama, si kwa rangi."

"Dolerite ya namna hii iko wapi?"

"Lusangi. Wanapasua kokoto huko."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi, na mama Estelle anayefagia."

"Juzi juzi alisafiri?"

"Aliomba ruhusa. Kulikuwa na kilio, Lusangi."

Nyumbani kwake, Estelle alimkaribisha Inspekta mkekani, akampa maji. Hakukana lolote. Aliingia chumbani, akatoka na jiwe limeviringishwa katika kitenge. Ubavuni lilikuwa na saba ya rangi nyeupe, mkia wake umepinda.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu."

"Ulitaka kuliuza?"

"Nani atanunua hii?"

"Basi kwa nini?"

Estelle aliipitishia kidole ile saba. "Aliandika bwana yangu, Faradji. Alikuwa anafanya kazi na patron Nathanaël. Yeye ndiye aliliokota Wamaza, akalibeba begani siku mbili."

"Yuko wapi?"

"Chini. Alienda kuchimba Salamabila, shimo likamwangukia. Mwaka wa tatu sasa. Hawakumutoa. Wajane wenzangu wako na makaburi, wanang'oa majani, wanasema na watu wao. Mimi niende wapi?"

"Mbona umelichukua sasa?"

"Patron alisema litapelekwa Kinshasa. Litakatwa na mashine, lisuguliwe mpaka libaki jembamba kama karatasi, mwanga upite, waone madini yake. Na mimi kila asubuhi nalipangusa vumbi, mama. Nalisalimia."

Mounira aliandika maungamo yote. Kisha akampigia Nathanaël simu.

"Unahitaji kipande kikubwa kiasi gani?"

"Kama kiberiti. Kwa nini?"

"Upande usio na namba utafaa?"

"Upande wowote utafaa."

Nathanaël alikuja mwenyewe kwa Estelle jioni hiyo na nyundo, akasema anaondoa mashtaka. Jiwe liliwekwa uani, juu ya gunia. Estelle alilishika kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani. Nathanaël alipoinua nyundo, alimsikia akinong'ona:

"Vumilia kidogo, Faradji. Ni kona tu."