Usiku wa Saa Sita Mchana

Harufu ndiyo iliyotangulia. Odongo alirudi kutoka kazini jioni, akamwinamia mtoto kitandani, na Eucabeth aliyekuwa akisonga ugali akasikia udi. Haikuwa moshi wa makaa, wala kile chakula cha samaki ambacho mumewe huwalisha viluwiluwi vya mbu. Ulikuwa udi, ule unaofukizwa asubuhi katika maduka ya Wahindi mjini Nakuru.

Aliendelea kusonga. Alipakua. Lakini wivu ni kama jipu la kwapani: huwezi kulionyesha watu, na kila ukiinua mkono linakukumbusha.

Odongo alikuwa mtafiti. Kazi yake ilikuwa kujua kwa nini mbu wa malaria siku hizi hutua juu ya chandarua chenye dawa, wakajipangusa miguu na kwenda zao. Zamani alipenda kumsimulia mkewe mambo hayo. Sasa alikula kimya, na wakilala aliugeukia ukuta. Siku moja mkono wa shati ulipanda, Eucabeth akaona alama za kuumwa na mbu zimeuzunguka kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, mstari kwa mstari, kama bangili za bibi harusi.

"Baba Akeyo, hii ni nini?"

"Kazi," alisema Odongo, akaushusha mkono wa shati.

Kazini alikuwa na mwenzake mmoja tu, Neha, msichana msomi wa Kihindi mwenye nywele za kufika kiunoni. Eucabeth, aliyeishia darasa la nane, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kesho yake alimfunga Akeyo mgongoni, akatoka mtaani kwao Rhonda kwa miguu hadi maabara ya mumewe, jua likiwa utosini.

Alimkuta Neha ameketi nje kwenye ngazi, anakula chapati.

"Sasa, Mama Akeyo. Umemletea mzee chakula?"

"Nimekuja kumwona anayemfukizia udi."

Neha aliacha kutafuna. "Unadhani ni mimi? Mimi niko na pumu. Hata mama yangu huwasha udi nikishatoka." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Lakini nimeusikia. Unatoka chumba cha mbu. Mimi siingii huko tena. Anaingia peke yake, halafu nasikia watu wawili wakiongea."

Akamweleza. Mbu wa malaria hula usiku, na ili watafiti wasikeshe, chumba chao kilizibwa kwa mapazia mazito, mchana ukageuzwa usiku. Mbu hawa Odongo aliwatoa Kihoto, kule Naivasha, katika nyumba iliyomezwa na ziwa, ndani ya chumba ambamo kitanda kilikuwa bado kimetandikwa juu ya maji. Hakuna dawa iliyowaua. Damu ya sungura waliikataa. Walitaka mkono wa Odongo.

"Niachie mtoto," Neha alinong'ona. "Usiingie naye."

Eucabeth alimkabidhi mtoto, akaingia. Ndani kulikuwa na giza na joto, na taa moja ndogo nyekundu. Mvumo wa mbu ulipanda na kushuka kama mwanamke anayeimba bila kufungua midomo, na Eucabeth alipozoea giza alimwona mumewe kwenye kigoda, mkono ameuingiza ndani ya kizimba cha neti, macho ameyafumba, anatabasamu kama alivyokuwa akimtabasamia yeye kabla Akeyo hajazaliwa, na mbu juu ya mkono ule hawakuwa wametawanyika bali wamerundikana wakawa vidole, vidole vikawa kiganja kilichoshika kiganja cha mumewe, na kutoka hapo bega likapanda, na shingo, na kichwa kilichoinama, kikageuka taratibu kumtazama.

"Funga mlango, mama," ilisema sauti, nyembamba, karibu kabisa na sikio lake. "Usiku wako nimekuachia. Huu ni wangu."

Wivu ulikuwa umetangulia kuingia kabla ya hofu. "Huyu ana mke mmoja," alisema.

"Mke mmoja kwa usiku mmoja. Na usiku huu wa mchana, aliutengenezea nani?"

Eucabeth alilishika pazia kwa mikono miwili, akalivuta likaanguka pamoja na chuma chake. Jua lilimwagika ndani. Odongo aliuchomoa mkono, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kizimba kilikuwa kimefungwa vizuri, na ndani hamkuwa na mbu hata mmoja, mzima wala mfu.

Neha aliingia, akamrudishia mtoto, akayang'oa mapazia yaliyobaki mwenyewe. "Basi," alisema. "Hapa hakutakuwa na usiku tena."

Jioni ile Odongo alikula sahani mbili. Alimrusha Akeyo juu akamdaka, akamtania mkewe kwamba ameharibu utafiti wa miaka. Eucabeth alicheka mpaka machozi. Alimlaza mtoto, akachomekea chandarua pande zote, akazima taa, akamkumbatia mume wake.

Godoro likabonyea taratibu upande wa miguuni.

"Sogea kidogo, Mama Akeyo," Odongo alisema kwa upole, amejaa usingizi. "Mwenzako hana kwingine pa kulala."