Viatu vya Bayingana Mlangoni

Basi, Umulisa alikuwa anashona pale soko la Kimironko, upande wa mafundi, kule vitambaa vinaning'inia mpaka vinakupangusa uso. Binti wa Nyakabanda huyo, na kwa suruali ya mwanaume hakuna wa kumshinda, nasema ukweli. Idi ilikuwa karibu, soko limejaa, na kijana mmoja akasukumwa na watu mpaka akaangukia meza yake. Shati jeupe, pasi imenyooka, viatu vinang'aa utadhani amevipaka mafuta ya kupikia. Jina lake Bayingana, mtoto wa Waislamu aliyekulia Kampala, sasa yuko ofisini Kicukiro.

"Umenivunjia meza, utashona suruali hapa hapa," Umulisa akamwambia.

"Hata mbili. Meza ingine iko wapi nivunje?"

Siku ya kujaribu suruali, Umulisa akapiga magoti kubana pindo. Pini ikateleza, ikapita soksi, ikaingia mguuni. Na Bayingana anaendelea tu na hadithi zake za Kampala, hata hakushtuka. Umulisa akaichomoa polepole, iko na damu. Akaificha kiganjani, akajiambia, huyu mtu ameumia lakini hataki kunitia aibu. Hapo ndipo moyo wake ulikwenda.

Wakapendana, we acha tu. Simu jioni, simu asubuhi, kuulizana umekula nini na nani kakuudhi. Mpaka Umulisa akamwita nyumbani, babake amwone.

Babake ni Mzee Ilyasi, alikuwa na duka la vitambaa zamani. Sebuleni kwake kuna zulia la marehemu mkewe, na juu yake ndipo anaposali. Hakuna kiatu kinachopita mlango ule. Siku hiyo Bayingana akafika, kanzu safi, akaangalia zulia, akaangalia viatu vya watu vimepangwa nje, jasho likamtoka. Akasema atakaa barazani. Mzee akamwambia pilau iko ndani. Akasema ana haraka, akaondoka.

Mzee hakugombana. Aliuliza tu kama huko Kampala watu hawafundishwi mlango. Umulisa alitamani ardhi immeze. Akapiga simu.

"Baba anaweka paji lake la uso pale chini. Kiatu chako ni bora kuliko uso wake?"

"Siwezi kuvua, Umulisa."

"Basi usirudi."

Wiki ile akashona kwa hasira, mashine inalia. Siku moja pini ikamchoma kidole, akaruka na kiti. Akabaki ameishika ile pini, anaitazama. Mtu akichomwa anaruka kwanza, upole unakuja baadaye. Bayingana hakuruka.

Akaacha suruali ya watu kwenye mashine, akapanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Kicukiro, akamkuta getini kwa ofisi.

"Vua kiatu, sha."

Akavua. Vidole viwili havipo. Akamweleza kwamba ana sukari toka utotoni, na miaka mingi ya sukari imeua hisia za miguu. Alishinda siku nzima na kijiwe kwenye kiatu bila kujua, kidonda kikaoza, wakamkata. Daktari amekataza kutembea peku hata chumbani, na kila jioni anajiangalia nyayo kwa kioo.

"Na pini yangu?"

"Pini gani?"

Umulisa akacheka huku machozi yanamtoka.

"Niliogopa mzee aseme anaoza binti kwa mtu anayekatwa vipande," Bayingana akasema.

Umulisa akashona viatu vya ndani, vipana, kitambaa laini, ndani hakuna mshono wa kukwaruza. Fundi viatu wa Nyakabanda ndiye akamwekea soli. Ijumaa Bayingana akasimama tena mlangoni, amenyooka.

"Mzee, nina sukari. Vidole viwili vimekwenda. Hivi vingine navilinda kila siku, na Umulisa nitamlinda hivyo hivyo. Nimekuja kumwomba."

Umulisa akapiga magoti kumvalisha vile viatu vya ndani. Mzee akatazama ule mguu, akatazama mikono ya bintiye.

"Hivyo vimekanyaga barabara?"

"Hapana baba. Vimetoka kwa mashine."

"Basi vitakaa hapa kwangu. Ingia, mwanangu. Pilau inapoa. Na wazee wako waje."

Mpaka leo vile viatu viko kando ya mlango, peke yao kwenye kiti. Mgeni akiuliza, Mzee Ilyasi anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: hivyo ni vya mkwe wangu. Na Bayingana akifika, mzee anavichukua yeye mwenyewe, anaingiza mkono ndani mpaka mwisho, anapapasa kama kuna kijiwe, ndipo anampa avae.