Hakuna Aliyeuliza Juu ya Maji

Kalista aliamka, akachukua ndoo, akateremka lamboni. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu kijiji kihamishwe.

Zamani nyumba yake ilikuwa bondeni, karibu na chemchemi. Mwaka 1974 watu wa operesheni ya serikali ya kuanzisha vijiji walikuja na lori. Walisema kila familia ihamie kilimani, kando ya barabara. Barabara ilikuwepo kweli, lakini maji hayakuwepo. Watu, ng'ombe na vyura wakawa wanakunywa maji ya lambo moja, bwawa la kuchimbwa.

Mwaka 1978 mumewe, Anatoli, alikwenda vitani na mgambo wenzake. Aliporudi aliambiwa kwamba binti yao mdogo, Jovina, amekufa kwa kuhara. Anatoli hakulia mbele ya watu. Aliuliza tu amezikwa wapi. Akaenda kukaa huko mpaka jua likazama, na tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache.

Mtoto aliyebaki alikuwa Pancras. Sasa ulikuwa mwaka 1980, na Pancras naye alianza kuhara.

Kalista alikwenda kwa jirani yake, Ildefonsa, aliyefundisha kisomo cha watu wazima.

"Maji ya kunywa unayachemsha?" Ildefonsa aliuliza.

"Siku nyingine. Kuni ziko mbali, mwalimu."

"Ya mtoto usikose. Chemsha mpaka yatokote, uyafunike. Umpe mara kwa mara, na uji mwepesi. Akizidiwa, tumpeleke zahanati. Lakini dada, hata ukichemsha, lambo ni lile lile. Kijiji hiki kinahitaji kisima."

"Nani atatupa?"

"Nani tumemwomba?"

Kalista alirudi nyumbani, akabandika maji motoni.

Wiki hiyo mbunge alikuja. Jina lake Ndugu Abbasi, mtu wa Biharamulo mjini, wa familia ya wafanyabiashara. Alikuwa ameandika kijitabu juu ya kampeni yake ya mwaka 1975, naye alikuja kukizungumzia katika uwanja wa shule. Wanakisomo wote waliitwa, maana sasa walijua kusoma. Abbasi alikuwa mpole, mwenye sauti nzuri. Alijipenda kidogo, kama tulivyo wengi wetu.

Alifungua kijitabu, akasoma:

"Katika kijiji hiki nilipata karibu kura zote. Nilizungumza nao juu ya umoja na kazi, wakaniamini. Hakuna aliyeniuliza juu ya maji. Nikajua maji wanayo."

Watu walipiga makofi. Mikono ya Kalista ilibaki mapajani. Moyo ulimuuma kama siku ya kumzika Jovina.

"Una neno?" Ildefonsa alimnong'oneza.

"Sina."

"Unalo. Nyoosha mkono."

Kalista alinyoosha mkono, akasimama.

"Shikamoo, Ndugu Mbunge."

"Marahaba, mama. Uliza."

"Kwanza nikueleze kwa nini tulikuchagua. Wewe alama yako ya kura ilikuwa jembe. Mgombea mwenzako alikuwa na alama ya nyumba. Wakati ule sisi ndiyo kwanza tumehamishwa. Watu wakasema, ukiipigia nyumba kura, lori litarudi kutuhamisha tena. Basi tukapigia jembe. Maneno yako hatukuyasikiliza. Ya mwenzako pia hatukuyasikiliza, na yeye ndiye aliyetaja maji."

Watu walicheka, maana ilikuwa kweli. Kisha kicheko kikaisha.

"Binti yangu alikufa kwa maji ya lambo," Kalista alisema. "Umeandika kweli, hakuna aliyekuuliza. Leo nakuuliza mimi. Tutapata lini maji safi?"

Abbasi alifunga kijitabu.

"Na mimi sikuwauliza," alisema. "Nililipita lambo lile nikiwa ndani ya gari. Pole sana, mama. Hapa nilipoandika, niliandika nusu tu ya ukweli."

Jioni hiyo darasa la kisomo lilijaa. Ildefonsa alichora jembe na nyumba ubaoni.

"Hizi ni alama tu," alisema. "Zimewekwa ili hata asiyejua kusoma amtambue mgombea. Mgombea anapewa tu. Safari iliyopita jembe, safari hii labda nyumba. Alama haileti lori wala kisima."

"Sasa tuchague kwa kutazama nini?" aliuliza mzee Shibuda.

"Msikilizeni mtu. Muulizeni shida yenu mbele ya wote, mpime jibu lake. Halafu kila mmoja apige kura peke yake. Kura ni siri. Asiwepo wa kukutisha, hata jirani."

Uchaguzi ulipofika, Abbasi alipewa alama ya nyumba. Watu walitazamana wakacheka, na safari hii hakuna aliyeiogopa. Wagombea wote wawili waliulizwa swali lile lile, la maji. Kalista alimchagua nani? Hajamwambia hata Anatoli, na hiyo ni haki yake. Lakini yeyote aliyeshinda alikuwa ameombwa kisima mbele ya kijiji kizima, asingeweza kuandika kwamba hakuulizwa.

Kiangazi kilichofuata, saruji na pampu vililetwa. Wanakijiji walichimba wenyewe. Anatoli hakukosa hata siku moja.

Siku ya kufungua kisima, Pancras alipewa kikombe cha kwanza. Alikuwa amepona, mashavu yamerudi. Alikunywa, akakitazama kikombe.

"Mama, haya hayana ladha ya moshi."

"Ndivyo maji yalivyo," Kalista alisema.

Anatoli aliinama, akachungulia ndani ya kisima. Hakikuwa kirefu.

"Yalikuwa hapa hapa chini yetu," alisema. "Miaka yote."

Kalista alijua anamwaza Jovina. Alijaza ndoo yake, akaifunika, wakarudi nyumbani.