Malkia Hataki Kizimba

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, Mama Kifungo alifagia sakafu mara mbili. Mara ya kwanza aliondoa vumbi. Mara ya pili alitafuta vifungo na pini. Alikuwa fundi nguo, na chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Binti yake wa miaka miwili aliokota kila kitu na kukitia mdomoni. Ndiyo maana majirani walimwita mtoto huyo Kifungo, na wazazi wake wakawa Mama Kifungo na Baba Kifungo. Majina yao mengine yalibaki kwenye vitambulisho tu.

Waliishi kwenye nyumba ya vyumba sita. Wapangaji wote walitumia ua mmoja, bomba moja, na kamba moja ya kuanikia nguo. Na hapo uani waliishi paka saba wasio na mwenyewe. Walipigana juu ya bati. Walipasua mifuko ya taka. Wakazaa, wakazaa tena.

Siku moja paka shume, yule dume mkubwa wa rangi ya majivu, aliingia karakana na kukojolea gauni la bibi harusi.

"Mungu wangu!" Mama Kifungo alipiga kelele. "Gauni la watu!"

Alilifua mara tatu. Harufu ikagoma kutoka. Ikabidi anunue kitambaa kingine na kushona upya.

Jioni ile mama mwenye nyumba alikuja. Alikuwa mama mwenye sauti nzito, na akisema neno hasemi mara mbili. Aliwasikiliza wapangaji wakilalamika, kila mmoja na lake.

"Basi," alisema. "Nawapa miezi miwili. Nikirudi nikakuta paka bado wanazaliana hapa, naweka sumu kwenye nyama. Kila kona ya ua."

Mama Kifungo alimtazama binti yake. Wakati huohuo Kifungo alikuwa chini ya bomba, anatafuna kipande cha kamba. Nyama yenye sumu kila kona! Mama akamwinua haraka na kumtoa ile kamba mdomoni.

"Usijali, mke wangu," alisema Baba Kifungo. Yeye alikuwa fundi bomba, mtu wa kuapa kwa sauti kubwa. "Hao paka siwataki hata kuwaona. Kesho nawahamisha wote!"

Kesho yake alikamata watatu, akawatia kwenye gunia, akawapeleka mbali kwa baiskeli. Alirudi mikono imechanwachanwa kama aliyelala kwenye miiba. Lakini alirudi anapiga mluzi. Wiki haikwisha, paka watatu wapya wakahamia uani. Mama Kifungo akawahesabu. Saba vilevile!

Siku iliyofuata alifungua gunia lake la vipande vya vitambaa. Ndani yake, vitoto vinne vya paka vilikuwa vimelala juu ya mabaki ya gauni. Macho yao yalikuwa yamefunguka juzijuzi tu.

"Maskini, mama yao amewatupa," alisema. Akateka maji kwenye beseni. Akachukua sabuni. Akamimina na maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani.

"Mama Kifungo, subiri kwanza!"

Ilikuwa sauti ya jirani wa chumba cha sita. Alikuwa msichana mpole aliyefanya kazi katika zahanati ya wanyama, na wote walimwita Dokta.

"Nisubiri nini, mdogo wangu? Watoto wananuka."

"Ukiwaosha, baridi itawaua. Na maziwa ya ng'ombe yatawaharisha. Kwani una uhakika wametupwa?"

"Mbona mama yao hayupo?"

"Huenda ameenda kutafuta chakula, dada. Tukae mbali, tuangalie. Asiporudi kwa saa kadhaa, ndiyo tutajua wanahitaji msaada wetu."

Walikaa mlangoni kwa Dokta. Saa moja ikapita. Saa ya pili, paka mwembamba mwenye madoa alishuka ukutani. Alitembea polepole, kichwa juu, bila kumjali mtu. Aliingia moja kwa moja kwenye gunia. Vitoto vikaacha kulia.

"Tazama maringo yake!" alisema Mama Kifungo, machozi yakimlengalenga. "Na mimi nikasema amewatupa. Huyu ni Malkia, bwana."

Hapo hapo akamwaga maji ya beseni. Kisha akamweleza Dokta habari ya sumu, ya gunia, na ya baiskeli.

Dokta alitikisa kichwa. "Sumu haichagui. Inaweza kumuua paka, kuku, na hata mtoto. Na ukihamisha paka, wengine wanakuja. Hapa kuna taka, kuna panya, kuna pa kulala. Nafasi haikai wazi."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuwaache hapahapa, ila wasizae tena. Tunawakamata kwa kizimba. Pale kazini tunawapa dawa ya usingizi, majike tunawafunga kizazi, madume tunawahasi. Tunawachanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Wakipona tunawarudisha hapa uani."

"Na shume la gauni langu?"

"Dume akihasiwa, kupigana kunapungua, na ule mkojo wa kunyunyiza pia."

"Na tutawajuaje waliokwisha kufanyiwa? Wote wanakimbia."

"Akiwa usingizini, tunakata ncha ya sikio la kushoto. Kidogo tu. Ukimwona kwa mbali, unajua."

Mama Kifungo alicheka. Hilo alilielewa upesi. Yeye pia hukata alama ndogo pembeni mwa kitambaa alichokwisha kukipima.

Dokta alileta kizimba cha waya. Mlango wake ulijifunga paka akikanyaga ubao wa ndani. Masharti yalikuwa machache. Paka walishwe mahali pamoja, saa ileile, kila siku. Taka zifunikwe. Na siku moja kabla ya kukamata, mtu yeyote asiwape kitu.

"Paka aliyeshiba haingii kizimbani," alisema Dokta. "Na akiingia, kifunikeni na nguo. Giza linamtuliza. Msimshike kwa mkono, mkono wa Baba Kifungo mmeuona."

"Mimi sina habari na paka," alijibu Baba Kifungo kutoka ndani.

Mama Kifungo alipita mlango kwa mlango. Aliwaeleza wapangaji wengine wote, na kila mmoja akakubali. Akashona kifuniko cha kizimba kwa vitambaa vya rangi kumi na moja. Jumatano ikawa siku ya kukamata. Jumatano ya kwanza, shume la majivu liliingia bila wasiwasi. Mlango ukajifunga, paa! Ua mzima ulipiga vigelegele. Wiki zilizofuata wakanaswa wengine watano. Wote walirudi na sikio la kushoto limekatwa ncha. Juu ya bati kukawa kimya. Shume akaacha vita, akanenepa, na kamba ya nguo akaipita bila kuinua mkia.

Vitoto vinne Mama Kifungo alivizoesha kushikwa taratibu. Vilipofika wiki nane, vikiwa vinakula vyenyewe, vilipata watu wa kuvifuga. Dokta aliwaahidisha wote kwamba navyo vitafungwa kizazi vikifikia umri.

Akabaki Malkia peke yake.

"Huyu tusimcheleweshe," alionya Dokta. "Anaweza kubeba mimba nyingine sasa hivi. Mkisubiri, mtarudi mlikotoka."

Jumatano ikaja. Malkia alikizunguka kizimba, akanusa samaki, akaenda kulala. Jumatano ya pili, vilevile. Siku nne tu zilibaki mama mwenye nyumba arudi.

"Huyu ameshiba," alisema Dokta. "Kuna mtu anamlisha."

Mama Kifungo alipandwa na hasira. Akapita tena mlango kwa mlango. Wote waliapa. Baba Kifungo aliapa kuliko wote.

"Mimi? Nimlishe paka? Bora nile sabuni!"

Kesho yake, jua likichomoza, Mama Kifungo alikwenda kuchota maji. Alisikia mtu ananong'ona nyuma ya tangi la maji. Akachungulia. Baba Kifungo alikuwa amechuchumaa, mfuko wa vifaa vya bomba umefunguliwa. Katikati ya spana kulikuwa na kopo la samaki.

"Kula, Malkia wangu," alikuwa akisema. "Kula mama, umekonda kwa kulea. Wasikutie kwenye kile kizimba."

"Baba Kifungo!"

Fundi bomba alishtuka, akaangusha kopo. Malkia akapanda ukuta.

"Tangu lini?" aliuliza mkewe.

"Tangu siku ya gunia," alijibu, macho chini. "Siku ile nilipeleka wale watatu mbali. Mmoja alilia njia nzima. Sijalala vizuri tangu hapo. Huyu nikamwonea huruma."

Mama Kifungo alitaka kugomba, lakini akainama kuokota kopo. Alimwona mume wake kwa namna mpya.

"Huruma yako nzuri," alisema. "Lakini sumu inakuja. Ukimpenda, mwache alale na njaa siku moja tu. Umtie kizimbani wewe mwenyewe, maana wewe ndiye anayekuamini."

Siku ile Malkia hakupewa kitu. Asubuhi iliyofuata Baba Kifungo alitega kizimba nyuma ya tangi. Akaweka kopo lilelile ndani kabisa. Kisha akasogea mbali na kushika kichwa. Malkia alinusa. Akaingia mguu mmoja. Akaingia wa pili. Paa!

"Ameingia!" Baba Kifungo aliruka juu, akamkumbatia mkewe, akamkumbatia Dokta, akamkumbatia hata mpangaji waliyekuwa wamenuniana naye mwaka mzima. Kisha akakifunika kizimba kwa mikono yake.

Mama mwenye nyumba alikuja siku aliyoahidi. Mkononi alishika mfuko mweusi, na wote walijua una nini. Mama Kifungo alimbeba Kifungo kiunoni, akamtembeza mgeni uani huku akimweleza maana ya masikio yaliyokatwa ncha.

Paka walikuwa wanakula pamoja kando ya bomba. Mama mwenye nyumba alihesabu masikio yaliyokatwa, moja baada ya jingine. Saba, wa mwisho akiwa Malkia, aliyerudi jana yake, mzima kabisa. Alifunua pipa la taka, akalifunika. Alivuta pumzi kwa pua.

"Kitoto hakuna?"

"Hata kimoja, mama."

"Harufu?"

"Nusa gauni lolote karakana."

Mama mwenye nyumba akainua macho. Juu ya ukuta alikaa paka mweusi. Masikio yake yote mawili yalikuwa mazima.

"Na yule je?" aliuliza. Sauti yake ilirudi kuwa nzito.

Kabla Mama Kifungo hajajibu, chuma kiligonga sakafu nyuma yao. Baba Kifungo alikuwa tayari ameleta kizimba, kifuniko cha rangi kumi na moja begani.

"Huyo mgeni wa leo," alisema. "Zamu yake Jumatano. Na safari hii, naapa, simlishi mtu!"

Ua mzima uliangua kicheko. Mama mwenye nyumba naye alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akampa Dokta ule mfuko mweusi.

"Kautupe panapostahili," alisema. "Halafu niletee hicho kizimba mkimaliza Jumatano. Nina nyumba nyingine tatu."