Mwanga wa Kumi na Nane

Kabati la ofisi ya kijiji lilikuwa wazi. Kitabu cha mihtasari ya ardhi hakikuwemo, na kesho yake baraza lingeamua kesi ya shamba la Lea, mjane wa marehemu Magoma.

Mlinzi Mdoe alikuwa tayari rumande Korogwe. Wizi ulifanyika Jumatano saa saba mchana, ofisi ikiwa imefungwa kwa chakula na king'ora kimewashwa, lakini hakikulia. Watu wakasema amekizima yeye.

Inspekta Husna Semboja hakuridhika. Alipanda kiti, akakichunguza kihisi cha mwanga juu ya kabati. Kipimo cha mwanga kikizidi ishirini, king'ora hulia. Juu ya kioo chake palikuwa pamebandikwa kipande cha dumu la njano, kimekunjwa mara mbili.

Akakibandua kwa kibano, akafungua mlango wa ofisi. Kihisi kikasoma tisini, king'ora kikapiga kelele. Akajaribu mfuko wa nailoni: sabini na tano. Karatasi: arobaini. Utepe mweusi: sifuri, na taa ya hitilafu ikawaka papo hapo. Akarudisha kipande cha dumu.

Kumi na nane. Kimya.

Husna akatabasamu. Mwizi huyu alipima kabla ya kuiba. Kumbukumbu za kifaa zilionyesha mwanga ulishuka tangu Jumatatu, siku ambayo Mdoe alikuwa Handeni kumzika shangazi yake. Kwenye gundi ya kipande kile, mtaalamu wa alama za vidole alipata alama moja safi ya dole, akailinganisha na za watumishi wote wa ofisi.

Akamwita Ernesti, mtunza kumbukumbu, kaka mkubwa wa Magoma na shemeji yake Lea.

"Jumatatu nani alifungua ofisi?"

"Mimi, afande."

"Kihisi ulikigusa?"

"Hapana. Sijawahi."

"Dole lako limefikaje kwenye gundi?"

Ernesti akakitazama kiti kilichokuwa bado chini ya kihisi.

"Mdoe ana watoto wanne, Ernesti. Amelala sakafuni kwa ajili yako."

"Kitabu nilikichukua mimi," akasema taratibu. "Mle imeandikwa kwamba baba alimpa mdogo wangu shamba lile. Nami nilisaini kama shahidi. Barazani nikaapa kwamba hakugawiwa. Mimi ndiye mkubwa, afande! Mimi nilipewa nini?"

"Kitabu kiko wapi?"

Kilikuwa nyumbani kwake, ndani ya gunia la mkonge, kimefungwa kwa kanga safi. Lea, aliyeitwa kushuhudia upekuzi, akakitazama, kisha akamtazama shemeji yake.

"Siku mbili zote, shemeji. Mbona hukukichoma?"

Ernesti akainamisha kichwa.

"Nilikoka moto. Nikaona alama ya dole gumba la baba kwenye ukurasa. Nikashindwa."