Mafuta ya Nywele Ndani ya Tarumbeta

Ujumbe wa Nadeem uliingia nikiwa nachomelea bomba kwenye karakana ya baba ya kutengeneza matarumbeta: "Iqrar ameniharibia valvu za tarumbeta. Nimemvunja meno. Nakuja kwenu."

Kabla sijajibu, alikuwa ameshafika mlangoni na sare yake nyekundu ya bendi, kola imechanika, tarumbeta mkononi. Mdomo mpana wa tarumbeta, unakotokea mlio, ulikuwa na damu.

"Baba yupo?"

"Yuko msikitini. Nadeem, hiyo damu..."

"Ya Iqrar. Nimempiga nalo mdomoni. Alipoanguka nikamwongeza."

Mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele hana kazi, hapa Meerut, kaskazini mwa India, hata watoto wanalijua hilo. Na Iqrar alikuwa mwenzake wa bendi moja. Kosa lake ni kwamba aliwahi kuniposa, nikamkataa kwa sababu ya huyu huyu Nadeem.

"Valvu ziligoma tumemsindikiza bwana harusi hadi mlangoni kwa bibi harusi," alisema. "Nabonyeza, hazirudi. Mjomba wa bwana harusi akanizaba kofi watu wote wanaangalia. Nani mwingine wa kunifanyia hivyo? Jamaa bado anakutaka."

"Ulimwona akizigusa?"

"Mpaka nimwone?"

Nilimnyang'anya tarumbeta. Valvu zikigoma, dawa zake mtaani kwetu kila nyumba inazo: kwanza mate, yakishindwa tone la mafuta ya cherehani, na wavivu hutia mafuta ya taa. Nilichomoa valvu ya kwanza. Ilikuwa imejaa utando mweupe mzito. Niliisogeza karibu na jiko la makaa, utando ukayeyuka, harufu ya nazi na asumini ikanijia puani.

"Umetia nini humu?"

Alitazama chini. "Yale mafuta ya nywele uliyonitengenezea. Kidogo tu, Farhat. Nilitaka kitu chako kiwe karibu na pumzi yangu."

Siku nyingine maneno hayo yangenilaza nikitabasamu. Siku hiyo nilimsogezea ile valvu mbele ya macho.

"Mafuta ya nazi, Desemba, kwenye baridi hii, wewe mwanamume una akili? Yangu mimi yameganda mpaka nayachota kwa kijiko. Umemvunja mtu meno kwa ujinga wako."

Alisema kwa sauti ya chini, "Basi yafute. Nani atajua?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Mlango ulipigwa teke, akaingia Sabir, kaka yake Iqrar, na vijana wa bendi wenye fimbo za mianzi. Nyuma yao alikuwa Iqrar, kitambaa mdomoni, kimelowa chote. Fimbo ya kwanza ilimpata Nadeem begani, ya pili gotini, akaanguka katikati ya matarumbeta.

"Sema mbele yake," Sabir alisema. "Mdogo wangu alikuharibia nini?"

Nadeem alitambaa hadi nyuma yangu, akanishika shali.

"Si mimi, kaka Sabir. Farhat ndiye aliyenipa mafuta. Yeye ndiye aliyeziharibu valvu. Muulizeni yeye."

Sabir alinigeukia, fimbo iko juu. Iqrar akaidaka.

"Mwache," alisema, na damu ikamtoka pamoja na neno. "Huyo hajamkosea mtu."

Nililia, lakini nilisema yote. "Nilimpa mafuta ya kichwa. Kayatia mwenyewe. Na sasa hivi alikuwa ananiambia niyafute msijue."

Sabir aliishusha fimbo.

"Huyu ni mchumba wako," alisema. "Ukisema tumwache, tunamwacha."

"Farhat," Nadeem alisema. "Mpenzi wangu. Waambie."

Nilimpenda, sisemi uongo. Niliichomoa shali yangu mikononi mwake, nikamshika Iqrar mkono.

"Twende hospitali," nilimwambia.

Tulitoka sisi wawili, Sabir na vijana wake wakabaki ndani, nikaufunga mlango nyuma yetu. Nadeem aliita jina langu, akaliita tena, kisha akawa anapiga kelele tu.